Ukitaka Google Ikuletee Wateja Hata Mwaka Kesho

Swali ninaloulizwa sana na wenye maduka na nyumba za wageni hapa Mombasa ni hili: "Nikikulipa, nitakuwa wa kwanza Google baada ya muda gani?" Jibu langu huwaudhi baadhi yao. Nafasi ya kwanza haina wa kuidhamini, na Google wenyewe wameandika hivyo katika miongozo yao. Kazi ya SEO, yaani kuiboresha tovuti ili ipande katika matokeo ya Google, ikifanywa sawasawa, kwa makadirio waliyowahi kuyatoa, huchukua miezi 4 hadi mwaka mzima ndipo mtu aanze kuona faida.

Mimi husikiliza zaidi swali ambalo hawaliulizi: ukisimamisha malipo, kitabaki nini?

Chukua biashara ya viungo vya tovuti (links), yaani kulipia tovuti nyingine zielekeze kwenye yako. Ina asili yake. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipoanza, walikihesabu kila kiungo kama kura ya imani, na ukurasa wenye kura nyingi ukapanda. Watu wakazinunua kura. Aprili 2012 Google wakaleta badiliko la mfumo wao lililoitwa Penguin, na tovuti zilizopandishwa kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Tangu Septemba 2016 Penguin iko ndani ya mfumo mkuu wa kupanga matokeo, na viungo vya namna hiyo mara nyingi havihesabiwi tu. Kwa hiyo yule kijana anayekuuzia "viungo 500 kwa mwezi" huenda hata asikudhuru. Pesa zako ndizo zinazotoswa baharini.

Kurasa hafifu, zisizo na maelezo ya maana, zilishushwa hata kabla ya hapo, na badiliko jingine lililoitwa Panda, la Februari 2011. Machi 2024 zikafuata sera dhidi ya makala yanayozalishwa kwa wingi ili kuvuta watafutaji tu, yawe yameandikwa na mtu au na mashine. Ukizitazama hatua hizi kwa pamoja utaona kinachosalimika kila mara ni kile ambacho mteja angekihitaji hata kama Google isingekuwepo.

Kitu hicho unacho tayari, kimelala kwenye WhatsApp yako.

Mteja wangu mmoja ana nyumba za kupangisha wageni Nyali. Tovuti yake ilisema: "Karibu ufurahie mandhari ya kuvutia na huduma bora." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na nyumba yoyote kuanzia Lamu hadi Vanga. Nikamwomba anisomee maswali ambayo wageni kutoka bara humwuliza kabla ya kulipa. Maji ya bafuni ni matamu au ya chumvi? Stima ikipotea kuna jenereta, na inaendesha AC au taa tu? Kutoka stesheni ya SGR ya Miritini, usiku, nitafikaje? Maji ya bahari yakijaa, watoto wanabakiwa na mchanga wa kuchezea? Mtu wangu alikuwa akiyajibu yote haya kwa sauti, mgeni mmoja mmoja, kisha majibu yanapotea.

Tukayaandika. Kila swali lenye uzito likapata sehemu yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na picha alizopiga yeye. Hapakuwa na ufundi wa ajabu. Lakini ukurasa unaosema wazi kwamba maji ya kisima yana chumvi na ya kunywa yanaletwa kwa mitungi hauna mshindani, maana jirani ameona aibu kuandika. Na anayetafuta jambo mahususi namna hiyo huwa ameshaamua kusafiri.

Ramani ya Google nayo huamua mengi kuliko tovuti kwa duka la mtaani. Google hutazama mambo matatu: kama biashara yako inalingana na kinachotafutwa, umbali wake, na jinsi inavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. Uko Mtwapa, uko Mtwapa. Kubandika "Nyali Mombasa bei nafuu" kwenye jina la duka ni kuvunja kanuni, na ukurasa wa biashara yako kwenye Ramani unaweza kusimamishwa. Weka pini mlangoni hasa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, pini iliyopotoka kidogo humpeleka mteja nyuma ya ukuta wa mtu. Saa nazo zirekebishwe: kama unafunga kwa swala ya Ijumaa, au Ramadhani unafungua tena baada ya futari, iandike. Mteja aliyepanda tuktuk hadi Biashara Street akakuta mlango umefungwa ataandika nyota moja, na nyota hiyo hukaa. Maoni ya kununua, au ya kubadilishana na punguzo la bei, achana nayo; yamekatazwa.

Halafu umiliki. Wengi walitegemea tovuti za bure zilizotengenezwa ndani ya Google Business Profile, yaani ule ukurasa wa biashara unaoonekana kwenye Google na Ramani. Google walizizima Machi 2024, na baada ya Juni 10 mwaka huo hata anwani zile hazikumpeleka mtu popote. Sajili jina lako, .co.ke au .com, na hakikisha limeandikishwa kwako, si kwa fundi aliyekutengenezea tovuti. Nimeona mtu akiombwa "fidia" ili arudishiwe jina la duka lake mwenyewe. (Na akalipa.)

Kasi ya tovuti sina mengi ya kuisema: Google wanataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na kinachochelewesha kwa kawaida ni picha nzito zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Zipunguze. Mteja wako anatumia simu na bando la kununua.

Jambo la mwisho ni kwa wenye hoteli, maana msimu unakaribia. Kila mwaka naona kurasa mpya za ofa za Desemba zikifunguliwa, kisha Januari zinafutwa, na sifa zote zilizojijengea mbele ya Google zinafutwa nazo. Tengeneza ukurasa mmoja wa Desemba usio na mwaka katika anwani yake, uuache hewani, na ubadilishe bei na tarehe kufikia Septemba, kabla watu wa bara hawajaanza kutafuta tiketi za treni.