Kupima seli za muti kwa foto: maana yake ni nini

Mutu akisema "nilipima seli za muti kwa ordinatere", wengi wanazania ile mashine inaangalia ubao kisha inasema hii ni mukula, hii ni mulombwa, miti miwili ya mbao ya kwetu Katanga iliyo ndugu. Hapana. Ile programu haijui muti ni nini. Kwake iko paka pikseli, vile vidoti vidogo vinavyofanya foto, za giza na za mwanga, na kazi yote inayoitwa kupima seli kwa foto ni kuhesabu zile pikseli, kuzigeuza zikuwe mikrometa, basi. Nilielewa hii mambo wakati nilisaidia mudogo wangu na memware yake (kitabu cha kumaliza masomo) pale Kasapa, kwenye iniversite ya Lubumbashi, na niliielewa kwa kukosea, nitafika pale.

Kwanza tuone kinachopimwa. Chukua kipande cha makala kwenye saki ya nyumbani, usikate na kisu, ivunje tu kwa mikono na uangalie pale ilivunjika ukiwa kwenye jua. Utaona vitobo vidogo sana, mara vimejipanga, mara vimetawanyika. Ile ni mishipa, mirija iliyokuwa inapandisha maji toka mizizi mpaka majani, na hata moto wa tanuru haukuifuta, njo maana mutu anayejua kazi anaweza kutazama makala ya sokoni Kenya (komini ya Lubumbashi, si ile inchi) na kusema ilitoka kwa jamii gani ya miti. Katikati ya mishipa kuko nyuzi, seli ndefu nyembamba zenye ukuta munene, hizo njo zinafanya ubao ukuwe muzito na mugumu kwa musumari. Kisha miale inayotoka katikati ya muti kwenda kwa ganda, na parenkima, seli laini zinazoweka akiba ya chakula. (Paini haina mishipa kabisa, maji inapita ndani ya seli zingine, trakeidi, kwa hiyo ukisoma vitabu vya Ulaya vinavyosema paka trakeidi usishangae, wanaongea paini zao, hawaongei miombo yetu.)

Ukubwa sasa. Mikrometa moja ni milimeta ukiigawa mara 1000. Chama cha kimataifa cha watu wa anatomia ya mbao, IAWA, kilitoa mwaka 1989 orodha ya alama za kutambulisha miti ya majani mapana, na humo upana wa mushipa umewekwa kwa vyumba: mikrometa 50 kushuka, 50 mpaka 100, 100 mpaka 200, na zaidi ya 200. Wanahesabu pia mishipa mingapi iko ndani ya milimeta moja ya mraba. Hayo yote watu walikuwa wanafanya zamani kwa jicho, na rula ndogo iliyochorwa ndani ya mikroskopu, mushipa moja moja, unaandika kwa kaye mpaka shingo inauma.

Ili upate foto ya kupima lazima kipande cha muti kilainishwe, wengi wanakichemsha kwa maji siku nzima ao zaidi kama ni muti mugumu, kisha kinakatwa na mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba sana) kwa unene wa mikrometa 10 mpaka 20 hivi, kinapakwa rangi (safranini inafanya kuta zikuwe nyekundu), kinawekwa kwa kioo, foto inapigwa. Kama kisu ni butu, kuta zinapasuka na hakuna programu itakayorudisha seli iliyopasuka. Watu wanapenda kuongea programu lakini kwangu mimi nusu ya kazi inaisha pale kwa kisu.

Programu yenyewe tulitumia ImageJ, ya bure, ilitengenezwa na Wayne Rasband kule NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, iko toka 1997, na inatembea hata kwa ordinatere ya zamani, kitu cha maana kwa mwanafunzi wa hapa. Kuko zingine zilizofanywa kwa kazi hii tu, kama WinCELL ya Canada na ROXAS ya Uswisi.

Sasa kosa letu. Kabla ya kupima, unapaswa kuambia programu pikseli moja ni mikrometa ngapi, yaani eshele. Unapiga foto ya kioo chenye mistari iliyopimwa, unavuta mustari juu yake, unaandika urefu wake. Sisi tuliweka eshele ya lenzi inayokuza mara 4, kisha katikati ya kazi mudogo wangu akageuza lenzi inayokuza mara 10 juu foto zilikuwa nzuri zaidi, mimi nilikuwa kando nilimusifu hata, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Programu haikulalamika. Ilitoa namba safi kabisa zenye desimali tatu, lakini kila upana ulikuwa umekuzwa mara 2.5, mushipa wa 120 ulisoma 300. Tulianza hata kutafuta maelezo, tukasema labda ule muti ulikuwa karibu na mutoni, ulikunywa maji mingi! Siku tatu zilienda hivyo.

Jambo la pili, na hapa njo kuna ubishi wa kweli, ni mupaka. Foto inageuzwa nyeusi na nyeupe: kila pikseli yenye mwanga kupita kiwango fulani inaitwa tobo, ingine inaitwa ukuta. Nani anachagua kiwango? Wewe. Ukisogeza kidogo, matobo yote yanapanuka, ukirudisha yanafinyana, na mishipa miwili iliyoshikana inakuwa moja. Programu inaweza kuweka kiwango yenyewe, lakini foto ikiwa na kivuli upande moja, itakosea upande ule. Na mukula iko na tabia yake: ni muti unaotoa utomvu mwekundu kama damu, na kwa moyo wa muti mishipa mingi inajaa vitu vya rangi, basi programu inaona giza, inasema hapa hakuna tobo. Lazima mutu apite kwa mukono kurekebisha. Ile mishipa iliyokatwa na ukingo wa foto nayo unaamua mapema kama unaitupa.

Kinachotoka mwisho ni eneo la kila tobo. Tuseme mushipa moja ni mikrometa za mraba 12,000, ukiuchukua kama ni duara kamili unapata upana wa kama mikrometa 124. Kama ndani ya milimeta ya mraba kuko mishipa 10 ya namna hiyo, basi asilimia 12 ya ubao ule ni mashimo ya maji.

Na upana una uzito kuliko wingi, juu mutiririko wa maji kwenye murija unaenda na upana × upana × upana × upana: murija wa mikrometa 200 unapitisha maji kama mirija 16 ya 100. Muti wa miombo unaokaa miezi ya kiangazi bila mvua, toka Mei mpaka karibu Oktoba, lazima ujue kucheza na hiyo hesabu, kwani mushipa mupana unapitisha mingi lakini maji ikipungua unaharibika haraka, hewa inaingia ndani.

Wengine wanataka hizi namba kwa polisi ya mbao. Mukula, Pterocarpus tinctorius, iliingia mwaka 2019 kwa Kiambatisho cha II cha CITES, mapatano ya kimataifa ya kuchunga biashara ya miti na wanyama walio hatarini, baada ya malori na malori kutoka Haut-Katanga. Lakini vipimo vya mishipa mara nyingi vinakufikisha kwa jenasi tu, yaani kundi la miti ya ndugu, kutenganisha mukula na mulombwa walio wa jenasi moja kwa upana wa tobo peke yake ni kujidanganya.

Mudogo wangu alitaka pia kulinganisha makala ya sokoni na mbao za fundi moja kwa moja. Haiwezekani hivyo, muti ukichomwa unajikunja, mishipa inafinyana, na ni kiasi gani inategemea moto. Ilibidi achukue kipande cha ubao ule ule, akikate mara mbili, nusu aipime vile iko, nusu aichome kwanza kisha aipime, aone mishipa imefinyana kiasi gani.