Je, wajua katuni ya watoto huwezaje kusimulia mauaji na msiba?

Katuni ya Avatar: The Last Airbender ilianza kurushwa na Nickelodeon, kituo cha televisheni cha Marekani, Februari 2005, ikamalizika Julai 2008 ikiwa na vipindi 61. Waliibuni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, na walengwa walikuwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Lakini ndani yake mna taifa zima lililoangamizwa na baba anayemuunguza mwanawe usoni. Imewezekanaje?

Kwanza, tendo lenyewe la ukatili hufichwa. Zuko, mwana wa mfalme, ana miaka 13 anapopinga mbele ya wakubwa mpango wa jenerali wa kuwatoa kafara askari wapya. Baba yake, Ozai, anaona amevunjiwa heshima na kumwita ulingoni kwa pambano la moto. Mtoto anapiga magoti, analia, anaomba radhi. Moto unapowaka hatuoni uso wake: tunamwona Iroh, baba yake mkubwa, akigeuza kichwa asishuhudie, na Azula, dada mtu, akitabasamu. Kisha yowe. Kovu tulishalizoea tangu kipindi cha kwanza. Sasa ndipo tunajua lilitoka wapi.

Kwa Aang, shujaa wa miaka 12 aliyeganda kwenye barafu kwa karne nzima, ni vivyo hivyo. Anarudi kwenye hekalu alikolelewa na kukuta mifupa ya Gyatso, mlezi wake, imezungukwa na mabaki ya askari waliovamia. Mauaji hatuyaoni, ila tunajua mzee yule hakufa kirahisi.

Mbinu ya pili ndiyo ninayoihusudu zaidi: jambo moja kubeba maana mbili. Katika msimu wa pili, Iroh anapita sokoni katika mji wa Ba Sing Se, anakuta mtoto analia, anamwimbia wimbo kuhusu askari mdogo anayerudi nyumbani. Mtoto anacheka. Jioni Iroh anapanda kilimani peke yake, anaweka picha ya mwanawe Lu Ten, aliyeuawa katika vita vya kuuteka mji huohuo, vita alivyoviongoza yeye mwenyewe. Anaimba wimbo uleule, na safari hii sauti inamkatika. Mtazamaji mdogo anamwona babu mwenye huzuni. Aliyewahi kuzika anaona mengi zaidi. Sehemu hiyo ilitolewa kwa heshima ya Mako, mwigizaji wa sauti ya Iroh, aliyefariki Julai 2006.

Tatu, watunzi hawaharakishi uponyaji. Katara, rafiki wa Aang mwenye uwezo wa kuyaongoza maji, anampata askari aliyemuua mama yake. Analengesha vipande vya barafu, anavisimamisha hewani, anaondoka. Watunzi wangeweza kumlazimisha asamehe ili kisa kiishe vizuri, lakini Katara anatamka wazi kwamba hajamsamehe na hatamsamehe kamwe. Anayesamehewa naye ni Zuko, aliyekuwa adui yao na sasa anasafiri nao.