Vihisi vya DNA Vinavyotumia Umeme: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wengi husikia kwamba kifaa kidogo chenye elektrodi (sehemu ya kupitishia umeme) ya dhahabu kinaweza kugundua DNA ya vimelea, wakadhani kuwa kinasoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya kimelea. Sivyo. Juu ya elektrodi hubandikwa vipande vifupi vya DNA ya uzi mmoja vilivyochaguliwa mapema. Uzi wa sampuli unaooana navyo herufi kwa herufi, yaani adenini kwa thaimini na guanini kwa saitosini, ukijishikiza hapo, mkondo wa umeme hubadilika. Kimelea ambacho hakikuandaliwa kipande chake hakitaonekana, hata kikijaa tele katika sampuli.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kipimo hiki ni sawa na kile cha sukari kinachouzwa kwenye maduka ya dawa: tone la damu, kisha jibu. Ni kweli kwamba vyote viwili hupima umeme, lakini tofauti iko kwenye wingi wa kinachotafutwa. Mililita moja ya damu yenye sukari ya milimoli 5 kwa lita ina molekuli za glukosi zipatazo trilioni milioni 3, ilhali vimelea katika ujazo huohuo huenda visizidi mia chache. Tena DNA yao imefungiwa ndani ya seli, na hata ikitolewa huwa bado ni nyuzi mbili zilizoshikana, ambazo sharti zitenganishwe. Ndiyo maana kifaa kama ePlex ya kampuni ya GenMark, kilichoingia katika maabara za hospitali, huizidisha DNA kwanza kwa mbinu ya PCR ndipo elektrodi zipime. Tangazo lisilotaja hatua hizo lastahili kuulizwa maswali.

Maabarani nako hudhaniwa kwamba vipande vikiongezwa kwenye dhahabu, ishara nayo huongezeka. Sivyo: vikisongamana, uzi unaokuja hukosa nafasi, na kwa kuwa DNA ina chaji hasi, nyuzi husukumana. Kwa hiyo huongezwa molekuli fupi za merkaptoheksanoli, ambazo huvifanya vipande visimame wima na kuzuia DNA nyingine isinate ovyo.

Wala si lazima mkondo uongezeke ndipo ijulikane kuwa kitu kimepatikana. Katika kihisi kilichoelezwa mwaka 2003 na kundi la wanasayansi Plaxco na Heeger, huko Santa Barbara, Marekani, kipande kilikuwa kimejikunja na kuiweka feroseni, molekuli yenye chuma inayobadilishana elektroni na elektrodi, karibu na elektrodi hiyo. Kilipokutana na uzi unaooana nacho kilifunguka, feroseni ikasogea mbali, na mkondo ukashuka. Kushuka huko ndiko kulikokuwa jibu.

Wanaohofia kupigwa na umeme wasiwe na shaka, kwani kinachopimwa ni sampuli iliyokwisha kutoka mwilini.

Jibu chanya nalo halithibitishi kuwa kimelea kiko hai. DNA ya bakteria wa kifua kikuu waliokwisha kuuawa na dawa huweza kuendelea kuonekana katika makohozi, na kwa sababu hiyo maendeleo ya matibabu hufuatiliwa kwa hadubini na kwa kuotesha bakteria, si kwa kutafuta DNA peke yake.