Kabla ya Kununua Injini, Lala Chini ya Gari Utazame Dif

"Chuma cha zamani hakivunjiki." Juzi nimeambiwa hivyo tena, pale Kirinyaga Road, mtaa wa spea za magari Nairobi, na kijana aliyekwisha kulipia injini ya 3S-GE ya Altezza pamoja na giaboksi yake ya gia sita ili aipachike kwenye Corolla KE70. Na dif, yaani lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu? Itabaki ileile, kwa sababu imekaa miaka 40 bila kusumbua. Hoja hii imenichosha. Inawamalizia pesa watu ambao walijinyima kuzipata.

Dif hiyo imekaa miaka 40 nyuma ya injini ya 4K: cc 1,290, msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa karibu Nm 100. Imedumu kwa sababu haijawahi kubebeshwa mzigo. Ile 3S-GE inatoa Nm 216. Sasa zidisha msokoto wa injini kwa gia ya kwanza, kisha kwa reshio (uwiano wa mizunguko) ya dif. Tuchukue gia ya kwanza ya 3.8 na dif ya 4.1. Injini ya zamani inafikisha nyuma karibu Nm 1,560. Mpya inapita 3,360. Kraunwili (gia kubwa ya ndani ya dif) ni ileile, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ileile, beringi zilezile.

Wengine hunijibu kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu yake, hivyo dif inapata nafuu. Nguvu inapotea kweli. Lakini meno ya pinioni mara nyingi yanavunjwa na pigo, si na mvuto wa taratibu. Ukiachia klachi ghafla injini ikiwa kwenye mzunguko wa 5,000 kwa dakika, uzito wa flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) wote unaingia kwenye dif kwa mkupuo, na uzito huo haupungui kwa sababu ya mwinuko. Gurudumu likiruka kwenye tuta, likazunguka hewani kisha likashika lami, ni pigo lilelile.

Halafu kuna ushauri wa kuchomelea dif "iwe ngumu". Ukichomelea zile gia ndogo za ndani, magurudumu mawili yanalazimika kuzunguka sawa. Basi. Pinioni haijaongezeka nguvu hata kidogo. Kwenye kila kona tairi moja litakwaruzwa, afushafti (shafti za kwenda kwenye magurudumu) zitajipinda, na siku ya mvua mkia wa gari utakutoka usipotarajia. Gari la kubeba watoto shuleni lisifanyiwe hivyo.

Ndiyo maana nasema mpango uanzie nyuma. Na nyuma, swali la kwanza si nguvu. Ni reshio. Hapa ndipo watu wananikera zaidi, kwa sababu wengi wanaamini namba kubwa ndiyo kasi. Namba kubwa inamaanisha propela (shafti ndefu kutoka giaboksi hadi dif) inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila duru moja ya gurudumu: gari linaondoka kwa wepesi, lakini injini inalia barabarani. Tairi la 185/60R14 linazunguka karibu mara 918 kwa dakika ukiwa kilomita 100 kwa saa. Tuseme gia yako ya mwisho ni 0.86. Ukiwa na dif ya 4.556, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya Hilux, injini itazunguka karibu mara 3,600 kwa dakika safari nzima ya Mombasa. Ukiwa na 3.7 itazunguka karibu 2,920, lakini ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru utakuwa unashusha gia kila mara, maana 3S-GE hii inafikia msokoto wake wa juu kwenye mzunguko wa 4,800. Mimi kwa gari la mtaani lenye injini hiyo huanzia 4.1. Badilisha saizi ya tairi na hesabu yote inabadilika, kwa hiyo rimu ziamuliwe kabla ya dif, si baada yake.

Pili ni ekseli yenyewe. Ya Hilux ina dif ya inchi 8, ina nguvu, na spea zake zipo kila mahali. Lakini ni pana, za 4x4 zina nati sita kwa gurudumu ambapo KE70 ina nne, na imetengenezwa kukalia springi bapa. KE70 ya saluni ina koili na mikono minne. Kwa hiyo utakata mabano ya zamani na kuchomelea mapya, na moto unavuta bomba la ekseli. Likipinda kidogo tu, magurudumu ya nyuma hayatazami tena mbele sawasawa, na beringi za nje zinaanza kufa. Fundi mzuri huchomelea vipande vifupi kwa zamu, upande huu kisha ule, anaacha bomba lipoe, halafu anapitisha nondo iliyonyooka kwenye vikalio vya beringi kuhakikisha. Hata hapo mimi situlii. Bomba lililochomelewa karibu na ncha huwa nalipima tena baada ya gari kutembea, na sijawahi kuliamini kama lile lililotoka kiwandani.

Kabla ya kuchomelea mabano, weka pembe ya pinioni. Shafti ya kutokea giaboksi na ile ya pinioni ziwe sambamba, na kila joiniti ya propela iwe na pembe ya nyuzi 1 hadi 3. Watu wanabalansi propela mara tatu wakitafuta mtetemo ambao balansi haiwezi kuuondoa, kwa kuwa kosa liko kwenye pembe. Pima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pamoja na uzito wa watu ndani, si likiwa limening'inia kwenye jeki.

Mengine ni mafupi. Radieta kubwa, ndiyo. Breki kabla ya nguvu, bila mjadala. Namba mpya ya injini iingie kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na gari likaguliwe. Hifadhi risiti ya injini.

Kraunwili na pinioni zikiwa mpya, endesha taratibu kilomita mia chache za kwanza bila kuvuta mzigo, kisha mwaga oili na utazame sumaku ya boliti ya kumwagia. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Ukikuta kipande kinachoshikika kwa vidole, fungua dif kabla hujawasha gari tena.