Bomu kwenye buti: dakika tatu bila kukata

Filamu ya Touch of Evil (1958) ya mwongozaji Orson Welles inaanza na mikono inayoseti saa ya bomu. Mtu anakimbia, analitia kwenye buti la gari la wazi, anatokomea. Tajiri mmoja na mwanamke wanapanda, wanaondoka. Tangu mikono ile hadi mlipuko ni dakika tatu na ushei, shoti moja tu (kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho), usiku, katika mji wa mpakani kati ya Mexico na Marekani.

Wengi husifu kreni iliyopaisha kamera juu ya mapaa. Mimi naona siri iko kwenye muda. Mhariri akikata, anaweza kupunguza au kuongeza sekunde, na mtazamaji huhisi hivyo hata kama hajui uhariri. Shoti isipokatwa, saa ya bomu na saa ya mtazamaji huenda pamoja. Anaanza kuhesabu.

Bomu lenyewe halionekani tena. Gari linatoka kwenye fremu, linarudi, linasimamishwa na askari wa trafiki, linakwamishwa na mbuzi. Vargas, afisa wa Mexico, na mkewe wanatembea kwa miguu, na kila gari linapokwama wanajikuta karibu nalo. Kwenye kizuizi cha mpakani wote wanne wako pamoja. Mwanamke wa garini analalamika kwamba anasikia tiki-tiki kichwani, na hakuna anayemjali. Gari linaondoka, wanandoa wanabusiana, mlipuko unasikika. Hapo ndipo Welles anakata kwa mara ya kwanza.

Sauti nayo ina kazi kubwa. Toleo la 1958 lilifunikwa na majina ya waigizaji na watengenezaji na muziki wa Henry Mancini. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch alilihariri upya akifuata waraka wa Welles wa kurasa 58: majina yakaondolewa, muziki ukapisha sauti za baa na redio za magari. Redio ya gari lile ikisikika, unajua bomu liko jirani hata usipoliona. Kwangu hili ndilo toleo linalobana roho zaidi, kwa sababu muziki wa kutisha humwambia mtazamaji aogope kabla hajapata sababu.

Ukitaka kujaribu shoti ya namna hii, onyesha saa ya bomu sekunde tatu au nne, isomeke. Fanya mazoezi ya njia nzima bila kamera, saa mkononi: dereva akizidi mwendo wa mtembea kwa miguu, waigizaji wataachwa na hofu itapoa. Tumia lenzi pana, ile inayoona eneo kubwa. Usiku tundu la lenzi hufunguliwa sana, na lenzi ndefu, ile inayovuta vitu karibu, itakupotezea fokasi mtu akisogea hatua moja. Kosa linaloharibu zaidi ni la waigizaji. Mwigizaji amesoma hadithi, basi jicho linamponyoka kuelekea kwenye buti. Mpe jambo halisi la kushughulikia, ugomvi au kicheko, na umrudishe mwanzo kila jicho linapoponyoka.