Friza Iliyojaa Nyama Si Akiba ya Dhoruba

Kila Januari na Februari, watabiri wa Texas wakishasema tu kwamba huenda barafu ikaanguka, naanza kutumiwa picha za friza zilizosheheni mbuzi na kuku, na chini yake maneno yaleyale: "Sisi tuko tayari." Kazi yangu ni usalama wa chakula hapa Dallas, na wiki hii uvumilivu umeniishia. Jamani, friza inategemea umeme, na dhoruba ya huku ikija, umeme ndio wa kwanza kuondoka.

Februari 2021 nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 za jimbo hili zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, vingi kwa baridi. Mabomba yalipasuka, na watu zaidi ya milioni 14 wakapata shida ya maji.

Halafu kuna wanaosema watabiri ni waongo, kwa hiyo hawanunui kitu. Si waongo, kazi yenyewe ni ngumu: hewa yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hupita juu ya baridi iliyolala chini, na tofauti ya digrii moja au mbili tu huamua kama utapata mvua ya kawaida, theluji, au mvua inayoganda ikigusa nyaya na matawi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoangusha nguzo, na siku tatu kabla ni vigumu kuijua kwa hakika. Basi nunua kile ambacho utakila hata jua likiwaka wiki nzima, usipoteze hata senti.

Na kinunuliwe kinacholika bila moto. Gunia la mchele na unga wa ugali havisaidii kitu kwenye fleti yenye jiko la umeme. Tende, karanga, mkate, ndizi, samaki na maharage ya kopo, pamoja na kifungua kopo cha mkono. Pika chapati mapema. Jaza chupa za chai maji yaliyochemka, hasa kama kuna mtoto wa uji. Maji ya kunywa na matumizi madogo, lita 4 kwa mtu kwa siku, angalau siku tatu. Ya chooni yajaze kwenye bafu.

Sasa nyama yenyewe. Kanuni inasema friji isiyofunguliwa hulinda chakula saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu tu, saa 24. Kanuni ni nzuri, ila huwa naitilia shaka inapotumiwa kama saa ya ukutani. Inachukulia kwamba jikoni kuna joto la kawaida, na mwaka ule kulikuwa na nyumba ambazo ndani kulikaribia kuganda. Kilichokaa kwenye nyuzi 3 za Selsiasi kiko salama hata saa ya sita ikipita, na katika nyumba ambayo watoto wanafungua mlango kila dakika, saa 4 ni nyingi mno. Ndiyo maana nasisitiza kipimajoto cha friji, kile cha bei ndogo. Kikipita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, nyama, maziwa na wali uliopikwa vitupwe. Usionje kwanza, vijidudu vingine havibadilishi harufu wala ladha.

Wengine hugandisha maji kwenye kikombe na kuweka sarafu juu. Sarafu ikizama, wanajua barafu iliyeyuka. Sawa, lakini haikuambii iliyeyuka kwa muda gani. Afadhali ujaze nafasi tupu za friza kwa chupa za maji: zinashika baridi, na zikiyeyuka unakunywa. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha tena, ingawa utamu utapungua. Kuiweka nje kwenye theluji, hapana. Jua la mchana huipasha, na wanyama wanaigusa.

La mwisho linanitia hofu kuliko yote: jiko la mkaa ndani ya nyumba. Hapa madirisha yamezibwa baridi isipite, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu. Mwaka 2021 familia nzima zilikimbizwa hospitali kwa sababu hiyo. Mkaa uwashwe nje tu. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, na gari lisiwashwe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Kabla ya kununua kuku wa pili, nunua king'ora cha gesi hiyo chenye betri.