Kikombe cha unga kina gramu ngapi?

"Kikombe ni kikombe tu." Dhana hii imeota mizizi jikoni mwetu Kampala kwa sababu tumpeco, kile kikombe kikubwa cha plastiki, haikosekani, iwe nyumbani au kwenye kibanda cha sokoni. Inabeba kama nusu lita, sawa. Lakini nusu lita ni ujazo, na unga wa ngano hushindilika. Juzi niliketi na mfuko mmoja wa unga, tumpeco moja na mizani. Nilipojaza kwa kijiko polepole na kusawazisha kwa kisu, nilipata gramu 258. Nilipochota moja kwa moja mfukoni, 304. Nikagongagonga kikombe mezani kama shangazi alivyonifunza: 341. Mfuko ule ule, mkono ule ule.

Sasa mapishi yakikuambia tumpeco mbili za unga na mililita 330 za maji, aliyetumia kijiko anakanda unga wenye maji asilimia 64 ya uzito wake, na aliyechota ana asilimia 54. Wa kwanza vidole vinanata mpaka anakata tamaa, wa pili ana donge gumu lisilotaka kuumuka. Na wote wawili watailaumu hamira.

"Gramu na mililita ni kitu kimoja." Kwa maji, ndiyo, na maziwa hayako mbali. Mafuta ya kupikia ni mepesi: mililita 100 ni gramu 92 hivi. Asali ni nzito, mililita hizo hizo hukaribia gramu 140.

"Ukiwa na mizani, pima kila kitu juu yake." Hapana. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja, na ukinyunyiza hamira kidogo kidogo huenda isishtuke kabisa. Kwa gramu 3 za hamira ya papo hapo, kijiko cha chai kilichosawazishwa kinatosha. Ukitaka usahihi zaidi, koroga gramu 10 za hamira katika gramu 90 za maji ya uvuguvugu, kisha mimina gramu 30 za mchanganyiko huo kabla haujatuama: humo mna gramu 3. Maji hayo uyatoe kwenye hesabu ya maji ya mapishi, mimi husahau kila mara. Na usiweke mizani juu ya kitambaa au mkeka. Inataka mahali pagumu palipo sawa.

"Mkate wa nusu kilo ni donge la nusu kilo." Hili lilinitia aibu. Nilianza kumpelekea jirani mwenye duka mikate niliyoiita ya gramu 500, madonge nimeyapima mwenyewe kwa makini. Mteja mmoja akauweka mkate juu ya mizani ya duka: 440. Sikuwa nimemwibia mtu, maji yalikuwa yametoka kama mvuke. Mkate hupoteza takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito ukiokwa na kupoa, hivyo siku hizi nakata madonge ya gramu 570. Anayeoka kwenye sufuria juu ya sigiri, na makaa mengine juu ya kifuniko, apime wa kwake kabla na baada, maana moto wake si wa oveni.

Madonge ya skonzi nayo yawe sawa, tuseme gramu 60 kila moja. Ukikisia kwa jicho, dogo litaungua kingo huku kubwa bado bichi katikati.

"Mizani huondoa kazi ya mkono." Unga wa atta, yaani wa ngano isiyokobolewa, hunywa maji mengi kuliko ule mweupe, na unga uliokaa wazi msimu wa mvua umeshavuta unyevu. Mimi huzuia gramu 30 za maji pembeni, nakanda dakika tano, nagusa, ndipo naamua kama nayamimina au nayarudisha kwenye birika.